Majina Kumi ya Kundi la Saba

Nchi yetu ina amani. Naanza na hilo ili yeyote atakayenisoma kwa niaba ya Serikali aishie hapo, aweke tiki, arudi kwenye chai yake. Sisi wengine tuendelee.

Mimi naitwa Zamoyoni Kitunga. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, shahada ya Utunzaji wa Kumbukumbu, yaani nilisomea kuweka mafaili mahali ambapo mtu akiyatafuta atayakuta. Ni kazi ya heshima ingawa katika nchi yetu haina watu wengi. Sikuwa na ugomvi na vijidudu wala wao hawakuwa na ugomvi na mimi. Aliyetukutanisha ni Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Maji na Sherehe.

Ilikuwa hivi. Mheshimiwa alikuwa anapokea magari ya wagonjwa kutoka kwa wageni wa nje. Akatoa hotuba nzuri sana, na mwisho akasema anawashukuru kutoka uvungu wa moyo wake, na ili waelewe akaweka kiganja chake ubavuni kulia, chini ya mbavu. Daktari mmoja wa kigeni, mtu asiye na adabu, akamnong'oneza kwamba hapo ni ini. Mheshimiwa akajibu kwamba hilo amelipokea na litafanyiwa kazi.

Likafanyiwa. Wiki hiyohiyo likatoka tangazo kwamba kila mwanachuo asiyesoma sayansi lazima asome baiolojia mwaka mzima, ili taifa lisije likaaibika tena mbele ya wageni. Asiyefaulu havai joho. Somo likapewa jina la Baiolojia kwa Wasiohusika. Wanaosoma sayansi wenyewe waliachwa, kwa kuwa wao tayari wanahusika.

Basi tukajaa. Wanasheria, wahasibu, watu wa utalii, watu wa lugha, sisi wa mafaili, jumla mia nane na arobaini katika ukumbi wa watu mia mbili. Waliochelewa walisomea dirishani. Maabara ilikuwepo, nzuri kabisa, lakini mlangoni iliandikwa kwa rangi nyekundu WASIOHUSIKA HAWARUHUSIWI KUINGIA, na mlinzi alikuwa mtu anayejua kusoma. Kwa hiyo wiki sita za kwanza hadubini tuliisomea ubaoni. Tuliichora, tukaipaka rangi, tukaandika majina ya sehemu zake, tukapewa alama. Mpaka leo naweza kukuchorea hadubini nimefumba macho.

Mwalimu wetu alikuwa Dokta Ngwale, mtu mfupi anayeweka chaki mfuko wa shati na kuisahau humo. Alikuwa mwalimu mzuri, na nalisema hili nikiwa bado nina hasira naye. Siku ya kwanza alisimama juu ya kiti ili tumwone, akasema, "Jamani, sayansi siyo kukariri madesa ya kunakiliana. Sayansi ni kuangalia kitu, kukihesabu, halafu kusema ulichokiona, hata kama kinakuudhi." Nikaandika kwenye daftari langu, ukurasa wa tatu, nikapiga mistari miwili chini yake. Mistari ile bado ipo.

Alama sitini kati ya mia zilikuwa za kazi ya kundi. Kundi ni watu kumi, si tisa, si kumi na moja. Kila kundi lifanye utafiti mdogo kuhusu uhai unaotuzunguka, liandike ripoti, majina ya wote yakae ukurasa wa mbele.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu kazi ya kundi, maana huenda anayesoma hakufika chuo. Kazi ya kundi ni kazi inayofanywa na mtu mmoja kwa niaba ya majina tisa. Sisi Kundi la Saba tulikutana kwenye vimbweta, yale mabenchi ya saruji nje ya maktaba, tukafanya uchaguzi. Deusdedit Mfinanga wa Utawala wa Umma akawa Mwenyekiti, na alishukuru kwa dakika arobaini. Tukachagua makamu, katibu, katibu msaidizi, mlezi, msemaji, mratibu, mpiga picha, na Hidaya, mwenzangu wa chumba, akawa Katibu Mwenezi. Vyeo vilikuwa tisa na watu kumi. Mimi nikabaki mjumbe. Mwenyekiti akafunga kikao kwa kusema kwamba sasa utekelezaji ni wa wajumbe.

Hidaya nilikuwa naye tangu kidato cha tano. Tulikuwa tunavaliana nguo, tunakula sahani moja. Nikisema rafiki namaanisha huyo, sina mwingine.

Wiki ile ile akaanguka. Homa ya matumbo. Siku tisa kwenye dripu zahanati ya chuo, amekwisha, shingo imekuwa nyembamba. Nilimwogesha, nilimnywesha uji kijiko kwa kijiko, nilinakili masomo yake na yangu. Siku ya saba akafumbua macho akanishika mkono, "Zamo, wewe ndiye ndugu yangu." Nikalia pale pale kama mjinga.

Kitanda cha jirani alikuwepo mwingine wa matumbo. Na cha pili yake. Chumba kizima kilikuwa matumbo. Nikamwuliza nesi kama ni kawaida, akanionyesha rundo la karatasi za wagonjwa, zimechanganyika miezi mitatu, nyingine zimefungiwa vitumbua. Mimi mtu wa kumbukumbu nikiona karatasi zimekaa vile napata kizunguzungu. Nikamwomba nizipange. Nikazipanga kwa tarehe, kwa ugonjwa, na kwa bweni.

Hapo ndipo nilipoona. Wagonjwa wa matumbo walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Mia mbili na watatu walitoka mabweni yanayokunywa maji ya Tangi la Mtukufu. Tisa tu walitoka mabweni ya kisima cha zamani. Nikawafuata wale tisa mmoja mmoja, na saba wakakiri, kwa aibu, kwamba wana wachumba upande wa tangi na huko ndiko wanakoshinda. Nilihesabu mara tatu.

Tangi la Mtukufu mnalijua, au mnalo la kwenu. Ni lile tangi kubwa la saruji juu ya kilima cha chuo, ambalo Mtukufu Rais wetu alilizindua mwenyewe, halafu likazinduliwa tena na Makamu wake, na Waziri, na mke wa Waziri, jumla mara sita. Ngazi yake ina mabaki ya tepe za rangi zote.

Zamu ya Kundi la Saba kutumia hadubini ya kweli ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Dokta Ngwale alitundika koti lake juu ya lile tangazo la mlangoni, ili tusiwe tumelivunja, akaniuliza wenzangu wako wapi. Nikamwambia wako njiani. Walikuwa kweli njiani, walikuwa wanakwenda kwenye harusi. Nikaweka tone la maji ya bomba la bweni letu, nikasogeza jicho.

Weee! Vilikuwemo. Vingine virefu, vingine mviringo, vinakimbizana utafikiri vimechelewa mtihani. Na katikati kipande cha unyoya. Dokta akaangalia yeye, akasema, "Zamoyoni, umeona." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno zuri kama lile.

Unyoya ndio ulionipeleka kilimani. Nikapanda ngazi. Juu ya tangi palikuwa na tundu la duara, upana wa meza ya kulia chakula, liko wazi kabisa, na kunguru wamekaa ukingoni kama wenye nyumba. Ndani walielea wawili. Mmoja alikufa juzi, mwingine alikufa zamani.

Nikamwuliza mlinzi wa tangi, mzee wa watu, mfuniko uko wapi.

"Mfuniko uko ofisini kwa Makamu Mkuu wa Chuo, binti yangu. Si ulichorwa sura ya Mtukufu? Sasa Mtukufu analala chali juani mchana kutwa, kunguru wanamnyea usoni. Wakubwa wakaona si heshima. Wakauvua, wakaenda kuutundika."

"Na maji, mzee?"

"Maji hayakuchorwa mtu."

Nikaandika. Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja, majedwali manne, na pendekezo moja tu: mfuniko urudishwe. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kusaidia, nikaongeza kwamba kama picha ni tatizo, ugeuzwe, sura itazame ndani. Sikujua kwamba nimeandika jinai.

Ile habari ya kwamba ripoti iko tayari sijui waliisikia wapi. Simu haikupumzika. "Zamo, umeniandika?" "Zamo mama, usinisahau jina la katikati." Mwenyekiti alitaka jina lake lianze na neno Mwenyekiti, halafu majina matatu kamili, Deusdedit Anselmi Mfinanga. Msemaji alitaka liandikwe kwa wino mzito. Hidaya, bado yuko kitandani anakula ndizi ya kuchemsha, akaniambia, "Niandike wa kwanza, Zamo, si mimi ndiye mgonjwa?" Nikamwandika wa kwanza. Hidaya Mbaraka Chande. Majina yale niliyaandika kwa mkono nakala tatu, mpaka nikawa nayaota. Mwisho kabisa chini nikaandika la kwangu.

Dokta Ngwale alitupa hamsini na nane kwa sitini. Akaisoma darasani. Akasema Kundi la Saba wasimame, wakasimama kumi, na Mwenyekiti akatoa neno la shukrani kwamba haikuwa kazi rahisi, walijinyima, walitoka jasho. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, jamani, kwa furaha kabisa. Mama yangu nyumbani alikuwa ameshagawa vitenge vya sare vya mahafali yangu kwa wanawake kumi na mmoja, na mimi nikampigia nikamwambia washone.

Dokta kwa upendo wake akaipeleka ripoti kwa Makamu Mkuu wa Chuo, akidhani atafurahi.

Makamu Mkuu wa Chuo aliisoma ofisini kwake, amekaa chini ya mfuniko. Wanasema alipofika kwenye kunguru alikohoa, na alipofika kwenye "ugeuzwe, sura itazame ndani" alisimama. Kulikuwa na watu katika chuo chake wanaotaka kumtosa Mtukufu majini kifudifudi, pamoja na mizoga. Jioni ile ile ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Kupandwa kwa Tangi. Kwamba watu mia mbili wanaumwa haikuwa hoja ya kamati, maana hao walikuwa hawajapanda.

Likabandikwa tangazo. Kwa huruma ya uongozi, mwanakundi yeyote ambaye hakushiriki katika ripoti hiyo aende Ofisi ya Kumbukumbu kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu, aape, kisha alifute jina lake ukurasa wa mbele kwa wino mweupe. Chupa ya wino mweupe ilifungwa kamba mezani isiibiwe.

Nilikwenda kuangalia. Nilikaa benchi la nje, dirisha liko wazi, nikawasikia. Mwenyekiti aliingia wa kwanza, kama kawaida yake, akaapa kwamba yeye hakufanya lolote katika ripoti hiyo, hakuisoma, wala hajui inahusu nini. Msemaji akaapa hivyohivyo. Mpiga picha, mlezi, mratibu. Mnaona ajabu yake? Yote yalikuwa kweli tupu. Sijawahi kusikia watu wakisema ukweli kwa kupokezana namna ile, na aliyeumia ni mimi.

Wakawa wanane. Nikarudi chumbani nikijua mmoja hatakwenda.

Nikamkuta Hidaya anajifunga mtandio mbele ya kioo.

"Unakwenda wapi?"

"Zamo, usinune. Unajua mama yangu ana presha."

"Na wangu ana vitenge kumi na moja."

"Mimi nilikuwa kitandani bwana! Hata hayo maji sikuyaona."

"Uliyanywa."

"Kunywa siyo kufanya utafiti." Akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka, akanishika bega. "Moyoni tuko pamoja."

Nilitamani kumwuliza anionyeshe moyo uko wapi. Sikumwuliza. Nilikaa kitandani kwake, sijui kwa nini kitandani kwake, na nililia mpaka pua ikaziba. Wale wanane hawakuniuma. Wale nilikuwa nawaandika kwa mazoea tu. Huyu nilimlisha kwa kijiko.

Kamati ilikaa Jumatatu, ofisini kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Walikuwa wazee saba wenye maji ya chupa mbele yao. Wakamwita Dokta Ngwale wamwulize kama yeye ndiye aliyemfundisha huyu binti kuangalia vitu. Nikamtazama. Moyoni nasema, simama juu ya kiti, Dokta.

Akapapasa mfuko wa shati, akatoa chaki, akairudisha. "Waheshimiwa, mimi nilifundisha sura ya kwanza tu, ambayo ni utangulizi. Kuangalia kumo katika sura ya tatu. Hatujafika."

Hakunitazama hata mara moja. Nilikuwa na daftari langu mapajani, limefunguka ukurasa wa tatu.

Hukumu ikasomwa na Makamu Mkuu wa Chuo mwenyewe. Kundi, kwa mujibu wa kanuni, ni watu kumi. Ripoti hii ina jina moja. Mtu mmoja si kundi. Kwa hiyo Kundi la Saba halipo, na kwa kuwa halipo, kazi ya kundi haikuwasilishwa. Wale tisa, kwa kuwa waliacha kuwemo kabla kundi halijaacha kuwepo, walipangiwa kazi nyingine nyepesi, wachore hadubini. Mimi nikapewa sifuri kwa sitini na nikaambiwa nitafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, na nikiukosa huo joho ningeliona kwenye mwili wa mwenzangu. Mfuniko haukutajwa. Ulikuwepo, lakini haukutajwa.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya mambo yake. Uvumi ukaenea mjini kwamba maji ya tangi ni mabaya. Mheshimiwa Waziri, ambaye ni mtu wa vitendo, akaja kulizindua mara ya saba. Akakata utepe, akainua glasi mbele ya kamera, akasema maji haya ni matamu kuliko ya kule kwa wanaotusema. Akanywa. Watu wakashangilia, akanywa ya pili.

Siku ya kumi na moja akasafirishwa nje kwa machela. Huko akapokewa na nani? Na yule yule daktari asiye na adabu. Safari hii Mheshimiwa alijua tumbo liko wapi. Daktari akamwuliza hivi nchini kwenu hakuna mtu aliyejua kwamba maji yale yana ugonjwa? Mheshimiwa akaona aibu nyingine inakuja. Akasema, upo utafiti wetu, mkubwa sana, unasubiri kuzinduliwa.

Simu ikapigwa. Ofisi ya Kumbukumbu ikalitafuta faili siku nne, na mimi ningelipata kwa dakika mbili. Walipolifungua wakakuta ukurasa wa mbele una madoa tisa meupe na jina moja.

Niliambiwa siku moja kabla kwamba ripoti ya Kundi la Saba inazinduliwa Ukumbi wa Taifa. Ningefikiria nini? Nikampigia mama. Nikamwambia, mama, ripoti yangu ile, ukweli umejulikana. Akaja na wale wanawake kumi na mmoja, wote na kitenge cha sare, kijani na njano, wakakaa safu ya nne wakinipungia mikono.

Mheshimiwa alikuwa amekonda lakini sauti ilikuwepo. Akasema anawashukuru vijana hawa kutoka uvungu wa moyo wake, na kiganja kikaenda kushoto, mahali penyewe hasa. Ukumbi ukasimama kwa makofi. Wengine walifuta machozi kuona elimu ilivyofika.

Wakaanza kuita majina. "Hidaya Mbaraka Chande, Mgunduzi Mkuu! Ambaye alijitolea mwili wake, akanywa maji yale kwa hiari, ili sayansi ipate jibu!" Hidaya akapanda jukwaani, akavalishwa nishani. Hakuangalia safu ya nne. Halafu Mwenyekiti Deusdedit Anselmi Mfinanga, ambaye alitoa neno la shukrani kwamba haikuwa kazi rahisi, walijinyima, walitoka jasho. Neno kwa neno. Halafu wote, mmoja mmoja, na majina yao ya katikati. Dokta Ngwale akatangazwa Mkuu wa Idara kwa kufundisha mpaka sura ya tatu.

Wa tisa alipokaa, nikanyoosha gauni langu.

"Na wa kumi," akasema mshereheshaji, "kwa kuwa kundi ni watu kumi, ni Mheshimiwa Waziri mwenyewe, aliyethibitisha matokeo kwa tumbo lake!"

Mama akageuka. "Wewe unaitwa saa ngapi?"

Nikasimama. Naapa sikupanga kusimama. Nikasema kwa sauti, "Na mimi? Jina langu lipo ukurasa wa mbele!" Mshereheshaji akaniambia, "Dada, kaa chini, itifaki imeshazingatiwa." Lakini Ofisa Mkuu wa Kumbukumbu, mtu wa fani yangu, akaja mpaka pale nilipo, na kwa upole kabisa akanieleza, mama anasikia, wanawake kumi na mmoja wanasikia.

"Binti, tumelichunguza lile jalada. Tumekwangua wino kwa wembe mpaka majina yakaonekana. Majina tisa yalifutwa. Mtu hafutwi bure, anafutwa kwa sababu alisema kweli akaonewa. Jina moja halikufutwa. Sasa wewe mwenyewe, umesoma, jiulize. Ambaye hakufutwa ni nani, kama siyo aliyekuwa anafuta?"

"Walijifuta wenyewe! Waliapa! Viapo mnavyo nyie!"

"Viapo vilichukuliwa kwa vitisho, ndivyo wanavyosema. Shukuru Mungu hatukushtaki."

Mama alinishika mkono nikakaa. Njiani kurudi wanawake waliongea habari za mvua, na mmoja akasema kwamba kitenge kikikunjwa vizuri hakiharibiki.

Kuhusu mfuniko, mnataka kujua. Baada ya uzinduzi ule mfuniko ukawa kumbukumbu ya taifa. Ukatolewa kwa Makamu Mkuu wa Chuo, ukawekewa fremu na kioo, ukatundikwa Wizarani na maandishi ya dhahabu chini yake: HUU NDIO MFUNIKO. Kwa hiyo kuurudisha juu ya tangi sasa haiwezekani, ni kosa la kuharibu urithi. Kunguru bado wako pale.

Asubuhi ya sapu niliamka mapema, nikachemsha maji yangu kwenye sufuria, nikayachuja, kama nifanyavyo kila siku. Mlango ukagongwa. Hidaya alishahamia chumba cha peke yake, chumba cha wagunduzi, lakini alijua saa zangu. Alikuwa na jagi mkononi.

"Zamo, una maji ya kuchemsha?"

Nikamtazama. Shingo ilikuwa imerudi, imenenepa vizuri. "Si ukachote bombani, Mgunduzi Mkuu?"

"Acha utani bwana. Si unajua yale maji."

"Najua. Nimekuuliza wewe kama unajua."

Akainamisha kichwa. "Najua," akasema, kwa sauti ndogo sana, na tulikuwa wawili tu pale mlangoni. Nikachukua lile jagi nikalijaza. Msiniulize kwa nini. Nilimwogesha siku tisa, mkono ulishazoea. Akasema asante, akaenda, na mimi nikaenda kwenye mtihani.

Ukumbi wa watu mia mbili ulikuwa na mimi na msimamizi. Karatasi ilikuwa na swali moja, alama sitini: Taja kwa majina matatu kamili wagunduzi kumi wa Mfuniko, kwa mpangilio.

Jamani, katika nchi hii yenye amani hakuna mtu anayeyajua majina yale kama mimi. Nikaandika. Hidaya Mbaraka Chande. Deusdedit Anselmi Mfinanga. Nikaandika na vyeo, nikamwandikia Msemaji kwa wino mzito kama alivyopenda, wa kumi nikamwandika Mheshimiwa. Hasira nilikuwa nayo, lakini mwandiko ulikuwa safi na hapakuwa na kosa hata moja. Baadaye nilipata sitini kwa sitini, mama akavitoa vitenge, na picha za joho mtaziona ukutani kwetu.

Lakini siku ile, nilipomaliza, chini ya jina la kumi ulibaki mstari mmoja mtupu. Nikaiweka kalamu pale. Msimamizi akakohoa, akanionyesha kwa kidole juu ya karatasi, ambapo pameandikwa kwa herufi kubwa maelekezo yanayowahusu watahiniwa wote: USIANDIKE JINA LAKO MAHALI POPOTE KATIKA KARATASI HII.

Nikaandika namba yangu, nikakabidhi.